Kifafa kisichosikia dawa: chakula nacho ni tiba, lakini si cha kujaribia nyumbani

Kati ya magonjwa yanayozitesa familia zetu kimya kimya, kifafa kiko katika safu ya mbele. Mtoto anaanguka shuleni, anaanguka kisimani, anaanguka karibu na mafiga. Wazazi wanazunguka naye: zahanati, hospitali ya wilaya, kwa mganga, kwenye maombi, kisha zahanati tena. Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya watoto ambao hata wakimeza vidonge kama walivyoagizwa, kila siku na kwa saa yake, bado wanaanguka. Kwa baadhi ya watoto hao ipo tiba isiyotoka kwenye chupa wala kuchomwa kwa sindano. Tiba hiyo ni chakula.

Nikisema chakula najua wapo watakaotikisa kichwa. Mtoto mwenye kifafa ndiye anayewekewa miiko ya kula kuliko watoto wengine wote wa nyumba. Huyu atamkataza nyama fulani, yule samaki fulani, mwingine mayai, na kila ukoo una orodha yake. Miiko hiyo haizuii kifafa. Kazi yake kubwa ni kumnyima mtoto mgonjwa vyakula vya kujenga mwili, naye ndiye anayevihitaji.

Ninachotaka kukieleza ni kitu kingine kabisa. Ni mpango wa chakula wenye vipimo, unaosimamiwa na daktari pamoja na mtaalamu wa lishe, na ambao umejaribiwa kwa njia ile ile inayotumika kujaribu dawa mpya. Maoni yangu ni kwamba mpango huu usiachwe uwe wa watoto wa nchi tajiri peke yao, na kwamba hospitali zetu, zikiwemo za majimbo, zina uwezo wa kuuanza kuliko zinavyodhani zenyewe. Lakini ni maoni yangu pia, na nitayarudia hapa chini, kwamba mzazi asithubutu kuuanza peke yake jikoni.

Je, ni kweli dawa zimeshindwa?

Kabla ya kufika kwenye sahani, hatuna budi kwanza kuangalia vidonge. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu 80 katika kila 100 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Shirika hilo hilo linasema kuwa watu hadi 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa mapema na kupewa dawa inayofaa. Dawa yenyewe mara nyingi si ya gharama kubwa. Kule Mahenge, daktari mwenye asili ya Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kuanzia miaka ya 1960, na dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitali, kidonge cha bei nafuu kuliko vyote vya ugonjwa huu. Watu waliokuwa wametengwa, wakilishwa mbali na wenzao kwa kuogopwa mate yao, walianza kuonekana tena shambani na kanisani. (Na tuseme tena, kwa vile bado wapo wasioamini: kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa kumshika mgonjwa aliyeanguka.)

Kwa hiyo mzazi anaposema, "mwanangu hasikii dawa," swali la kwanza ni hili: dawa gani, kiasi gani, kwa muda gani? Yupo mtoto ambaye kipimo alichoandikiwa akiwa na miaka miwili ndicho anachomeza mpaka leo akiwa na miaka saba, na uzito wake umeongezeka maradufu. Yupo ambaye vidonge vilikwisha mwezi wa pili, zahanati haikuwa navyo, na nauli ya kwenda mjini haikupatikana. Yupo ambaye alikaa wiki sita bila kuanguka, wazazi wakafurahi wakaona amepona, wakaacha dawa ghafla. Watoto wa namna hii huwezi kusema kifafa chao hakisikii dawa, kwa kuwa dawa yenyewe hawajaipata sawasawa.

Mwaka 2010 Shirikisho la Kimataifa la Kupambana na Kifafa liliweka kipimo kilicho wazi: kifafa huhesabiwa kuwa hakisikii dawa pale ambapo dawa mbili, zilizochaguliwa vizuri kulingana na aina ya kifafa cha mgonjwa na kutumiwa kwa kiasi cha kutosha, zimeshindwa kukomesha maanguko. Baada ya hapo, kuongeza dawa ya tatu na ya nne huwasaidia wachache tu. Hapo ndipo daktari anapaswa kufikiria njia nyingine: upasuaji kwa baadhi, na lishe maalumu kwa wengine.

Kufunga, na chakula kinachoiga kufunga

Wengi wetu tunaikumbuka habari ya baba aliyemleta mwanae mwenye maanguko kwa Bwana, katika sura ya 9 ya Injili ya Marko. Wapo wanaoisoma sura hiyo wakahitimisha kuwa mtoto mwenye kifafa hana budi kufungishwa asile. Huko ni kuisoma vibaya, maana pale hakuna mtoto aliyeamriwa kukaa na njaa. Hata hivyo ni kweli kwamba tangu zamani za Wagiriki watu walitambua kuwa baadhi ya wenye kifafa hupata nafuu wanapokosa chakula kwa siku kadhaa. Mwaka 1911 madaktari wawili wa Paris, Guelpa na Marie, waliandika juu ya wagonjwa waliowatibu kwa kufunga, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 madaktari wa Marekani nao wakaona hivyo hivyo kwa watoto. Ugumu ni kwamba hakuna awezaye kuishi kwa kufunga, mtoto anayekua ndiyo kabisa. Wakila tena, maanguko yanarudi.

Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa hospitali ya Mayo, huko Rochester katika jimbo la Minnesota, alipata wazo. Mwili wetu kwa kawaida huendeshwa na sukari inayotokana na vyakula vya wanga: ugali, wali, ndizi, viazi, mihogo. Mtu akifunga, sukari hiyo inakwisha, na ini linaanza kuyayeyusha mafuta ya mwili na kutengeneza vitu viitwavyo ketoni, ambavyo ubongo unaweza kuvitumia kama kuni za akiba. Wilder alijiuliza: je, tukimpa mgonjwa chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana, si mwili wake utatengeneza ketoni zile zile huku akiwa ameshiba? Chakula hicho kikaitwa lishe ya ketoni, na watoto wengi wakatibiwa kwacho katika miaka iliyofuata.

Kisha mwaka 1938 ikatokea dawa ya fenitoini, na nyingine zikafuata. Kumeza kidonge ni rahisi kuliko kupima siagi kwa mizani, kwa hiyo lishe ikaachwa, na madaktari wapya wakafundishwa bila kuisikia. Ilikaa kando hivyo kwa zaidi ya miaka 50, hata katika nchi ilikozaliwa. Mwaka 1993 mtengeneza filamu mmoja wa Marekani, Jim Abrahams, alikuwa na mtoto mdogo, Charlie, aliyekuwa akianguka kila siku. Dawa zilishindwa na upasuaji ulishindwa. Baba akaenda maktaba kujisomea mwenyewe, akakuta habari za lishe hii, akampeleka mtoto hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, ambako daktari John Freeman na mtaalamu wa lishe Millicent Kelly walikuwa bado wakiitumia. Katika siku chache maanguko yalikoma. Charlie alikaa kwenye lishe hiyo miaka mitano na akakua kuwa mtu mzima. Baba yake alianzisha mfuko wa kuieneza habari hiyo mwaka 1994, na mwaka 1997 akatengeneza filamu juu yake. Lililomuudhi zaidi, na mimi naona alikuwa na haki, ni kwamba hakuna aliyemwambia. Lishe ilikuwepo, imeandikwa vitabuni, na mtoto akapasuliwa kichwa kabla ya kujaribiwa.

Ndugu msomaji, mtoto mmoja si ushahidi. Ndiyo maana nakupa na hesabu hii. Mjini London, katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, watoto 145 wenye kifafa kigumu waligawanywa kwa bahati nasibu: 73 wapewe lishe ya ketoni mara moja, na 72 wasubiri miezi mitatu wakiendelea na dawa zao kama kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008. Katika kundi la lishe, watoto 28 maanguko yao yalipungua kwa zaidi ya nusu. Katika kundi la kusubiri walikuwa wanne. Zaidi ya hayo, watano wa kundi la lishe maanguko yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na kule kwingine hakuna hata mmoja.

Hesabu hii ina pande mbili na ni haki tuziseme zote. Zaidi ya nusu ya watoto hawakupata nafuu kubwa. Lakini hawa ni watoto ambao dawa mbili au zaidi zilikuwa zimekwisha kushindwa. Mtoto aliyekuwa akianguka mara kumi kwa siku akashuka hadi mara nne anaweza kukaa darasani, na mama yake anaweza kwenda shambani.

Sahani yenyewe

Lishe ya ketoni ya aina ya kwanza ni kali. Kwa kila gramu moja ya protini na wanga vikijumlishwa, mtoto hula gramu nne za mafuta, hata sehemu 90 kati ya 100 za nguvu anayoipata hutoka kwenye mafuta. Kila kitu hupimwa kwa mizani, na kilichopimwa lazima kiliwe chote, hata mafuta yaliyobaki kwenye sahani yakombwe.

Kwa bahati nzuri kuna aina iliyo nyepesi zaidi, iliyoanza kutumika Baltimore mwaka 2003, iitwayo lishe ya Atkins iliyorekebishwa. Hapa protini haipimwi, mafuta yanahimizwa kwa wingi, na kinachobanwa ni wanga tu: gramu 10 hadi 20 kwa siku nzima. Gramu hizo ni kidogo kuliko unavyofikiri. Unga wa mahindi gramu 100 una zaidi ya gramu 70 za wanga, kwa hiyo matonge machache ya mwanzo yanamaliza haki ya siku. Soda moja ya chupa inaipita. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe, kitu ambacho hakuna mama angekishuku, kina takriban gramu 12. Hata maharage, ambayo tumezoea kuyaita chakula cha protini, yana wanga mwingi kuliko protini.

Basi kinabaki nini? Kinabaki kingi kuliko inavyoonekana. Mayai, kuku, samaki, dagaa, nyama pamoja na mafuta yake. Mchicha, matembele, majani ya maboga na kabichi, vikiungwa kwa tui zito la nazi au kwa mafuta ya alizeti au mawese. Samli na siagi. Parachichi, ambalo katika mikoa ya nyanda za juu huoza chini ya mti kwa wingi wake, lina mafuta mengi na wanga kidogo sana. Karanga kwa kiasi, maana nazo zina wanga wake. Ukiangalia orodha hii utaona kuwa ni mboga zetu wenyewe. Kinachoondoka ni kile kinacholiwa na mboga.

Na hapo ndipo penye shida, tusidanganyane. Kwetu sisi ugali ndio chakula, mengine ni kitoweo. Mtu aliyekula kuku na mchicha bila ugali atakuambia hajala. Tena unga ndio unaoshibisha familia kwa bei nafuu, wakati mayai matatu kwa siku kwa mtoto mmoja ni fedha. Familia inayofuga kuku au inayokaa kando ya ziwa itaweza kwa urahisi kuliko nyingine. Sikubaliani na wanaosema kuwa lishe hii haina gharama kwa sababu ni chakula tu. Ina gharama. Lakini linganisha pia na gharama ya kifafa chenyewe: nauli za kila mwezi, dawa ya tatu na ya nne, vidonda vya moto, na mzazi mmoja aliyeacha kazi ili amlinde mtoto.

Wapo watakaosema kuwa hivi ni vyakula vya Wazungu. Hao nawapa habari za India, nchi ya chapati na wali, yenye maskini wengi kama sisi. Mjini Delhi watoto 102 wenye kifafa kigumu walijaribiwa na matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Kati ya waliopewa lishe ya Atkins iliyorekebishwa, baada ya miezi mitatu asilimia 52 maanguko yao yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 11 na nusu. Kisha madaktari wa huko wakaenda hatua moja mbele, wakatengeneza mpango mwepesi zaidi kwa ajili ya wazazi wenye elimu ndogo ya kusoma, nao pia ukaonyesha kusaidia. Sioni kwa nini kilichowezekana kwa mama wa Delhi kisiwezekane kwa mama wa Mbulu au Songea.

Usijaribu mwenyewe

Najua jinsi tulivyo. Mzazi aliyechoka akisoma hapa kwamba wanga ndio tatizo, kesho asubuhi anaweza kumnyima mtoto uji. Nakuomba usifanye hivyo.

Kwanza, wako watoto wachache ambao miili yao ilizaliwa haiwezi kuyatumia mafuta. Mtoto kama huyo ukimnyima wanga na kumpa mafuta anaweza kupoteza fahamu na kufa. Kwa macho hutamtambua, na ndiyo maana daktari huuliza historia na kupima damu kabla ya kuanza. Pili, katika siku za mwanzo sukari ya damu inaweza kushuka mno, au damu ikawa na asidi nyingi, mtoto akatapika na kulegea. Anapaswa kuwa karibu na watu wanaojua la kufanya. Tatu, lishe hii peke yake haina vitamini na madini ya kutosha. Asipopewa vidonge vya nyongeza, pamoja na kalsiamu, atadhoofika mifupa. Baadhi hufunga choo, baadhi hupata mawe kwenye figo (maji ya kutosha husaidia kuyazuia), baadhi hupunguza kasi ya kukua. Uzito na urefu wake lazima viandikwe kila anapohudhuria kliniki. Mtoto ambaye bado ananyonya ni suala la peke yake. Asiachishwe ziwa kwa sababu ya makala haya.

Na dawa zake za kifafa zinaendelea. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta maanguko yanayofuatana bila kukoma, nayo huua. Kama lishe itamfaa, daktari ndiye atakayezipunguza polepole.

Jambo jingine linalosahaulika ni sukari iliyojificha. Dawa nyingi za maji za watoto, za homa na za kikohozi, zimetiwa sukari. Pakiti moja ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji, ile ya kuchanganya na lita moja, ina gramu 13 na nusu za glukosi. Mzazi wa mtoto aliye kwenye lishe hii amwambie kila mhudumu wa afya, ili apewe vidonge vilivyosagwa badala ya dawa ya maji pale inapowezekana. Lakini akipata malaria kali au kuharisha sana na sukari ikashuka, uhai kwanza. Atundikiwe dripu inayohitajika, lishe itaanza upya akipona.

Hospitali zetu ziache kuogopa

Nimesikia ikisemwa kuwa mambo haya yanahitaji hospitali kubwa na mashine. Sikubaliani. Nenda wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali katika hospitali yoyote ya wilaya. Utamkuta muuguzi anapima maziwa ya F-75, kiasi fulani kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa chache, anaandika kilicholiwa na kilichotapikwa, na baada ya siku kadhaa anambadilishia kwenda F-100. Hiyo ni nini kama si chakula kinachotolewa kama dawa? Ustadi wa kupima, kuandika na kumfuatilia mtoto tunao tayari. Halmashauri za wilaya zina maafisa lishe. Vijiti vya kupima ketoni katika mkojo, vinavyogeuka rangi ya zambarau ketoni zikiwepo, si vifaa vya ajabu.

Kinachokosekana ni daktari na afisa lishe kuketi meza moja kwa ajili ya mtoto mwenye kifafa. Daktari anaandika dawa, afisa lishe yuko kwenye mafunzo ya kina mama, na hawajawahi kuzungumza juu ya mgonjwa huyu. Mwaka 2015 wataalamu wa Shirikisho la Kimataifa la Kupambana na Kifafa walitoa mapendekezo juu ya mambo ya lazima kabisa yanayotakiwa ili kutoa lishe hii mahali penye uwezo mdogo. Ningependa kuona idara za afya za majimbo yetu zinayasoma, na hospitali moja katika kila kanda inaanza na watoto watano tu, kwa aina ile nyepesi ya lishe, ikishauriana na madaktari wa mishipa ya fahamu wa hospitali za rufaa. Watano wakiendelea vizuri, waongezwe. Sisi tuliojenga hospitali za misheni mahali ambapo hapakuwa na barabara, tunashindwaje kuandika orodha ya vyakula vya kwetu yenye vipimo vya kijiko na kikombe?

Sinia moja

Sehemu ngumu kuliko zote haiko hospitali. Iko pale watoto sita wanaponawa mikono na kuzunguka sinia moja, na mmoja wao anaambiwa akae na sahani yake. Mtoto wa miaka mitano haelewi ketoni, anachoelewa ni kwamba ametengwa. Ushauri wangu ni kuwa akae pale pale na wenzake, ale mboga ile ile, ila yake iongezwe mafuta na wenzake waelezwe wazi kwamba tonge la huruma kwake ni sawa na kumwagia dawa yake chini. Watoto wakielezwa hulinda siri hiyo kuliko wakubwa. Anayeharibu kwa kawaida ni bibi mwenye pipi mfukoni, na jirani anayeona mama huyu anamnyanyasa mtoto.

Mwalimu naye ajulishwe, kwa sababu ya uji wa shule na makande. Jumuiya ndogo ndogo zina desturi nzuri ya kumtembelea mgonjwa, na mara nyingi hupeleka sukari, mkate na soda. Kwa nyumba hii wapeleke mayai, nazi au chupa ya mafuta.

Wazazi wa Kikatoliki wanaweza kuuliza pia juu ya Komunyo. Hostia ndogo haifiki gramu moja, kwa hiyo aliyekwisha pokea Komunyo ya kwanza aendelee kupokea, na afisa lishe aambiwe aiweke kwenye hesabu. Kuhusu Kwaresima, sheria ya Kanisa haiwafungi kufunga walio chini ya miaka 18, wala kujinyima nyama walio chini ya miaka 14. Mtoto mgonjwa ale alichoandikiwa, hata kama ni Ijumaa.

Lishe hupewa muda wa miezi mitatu hivi kuonyesha kama inasaidia. Isiposaidia huachwa, polepole na si kwa siku moja, na mzazi asijilaumu. Ikisaidia, kwa kawaida huendelea miaka miwili hivi, kisha wanga hurudishwa kidogo kidogo. Watoto wengi waliopata nafuu hubaki na nafuu hiyo hata baada ya kurudia ugali.

Kama unaye mtoto wa namna hii nyumbani, anza leo kuandika katika daftari tarehe na saa ya kila anguko, lilichukua muda gani, na lilikuwa la namna gani: kukakamaa, kutikisika, kuinamisha kichwa ghafla au kukodoa macho. Kama una simu yenye kamera, mwombe ndugu arekodi anguko moja wakati wewe umemlaza mtoto kiubavu (bila kumtia kijiko mdomoni). Weka pakiti za dawa zote alizowahi kutumia, hata zilizokwisha, katika mfuko mmoja. Siku ya kliniki mpe daktari daftari na mfuko huo, kisha mwulize: mwanangu ana kifafa cha aina gani, dawa hizi zimefikia kiasi chake cha juu, na je, anafaa kwa lishe ya ketoni? Akikujibu kwamba hajawahi kuitoa, mwombe barua ya rufaa kwa daktari wa watoto anayeifahamu.